Muuzaji anasema faida asilimia 35, shemeji anasema hasara: hii mashine ninunue au niache?

SWALI

Habari za kazi kaka mshauri. Huwa nasoma tu majibu unayowapa wengine, leo na mimi nimekwama.

Mimi na mume wangu tuna ofisi ya uchapaji, mabango, stika, kadi na vitu vya namna hiyo. Mashine yetu ni ya zamani na inaenda taratibu sana, kazi kubwa zikija tunazikataa au tunawapelekea wenzetu wachape. Sasa kuna muuzaji ametuletea ofa ya mashine mpya kwa milioni 20, anasema itadumu miaka 5 na itatuongezea mauzo ya milioni 9 kila mwaka, kwa hiyo hela yetu inarudi ndani ya miaka miwili na miezi kama mitatu, na kwenye laptop yake amenionyesha faida ya asilimia 35 kwa mwaka. Anasema pia baada ya miaka 5 tunaweza kuiuza milioni 3. (Katika hizo milioni 9 amehesabu na kazi za stika za kama milioni 1 ambazo tunazifanya hata sasa, sijui kama ni sawa.) Kusafirisha na kufunga ni milioni 1, na tunatakiwa tukae na stoki ya wino na malighafi ya milioni 1 muda wote.

Nikampa shemeji, mdogo wake mume wangu, yeye ni mhasibu. Akachukua ile 9, akatoa malighafi 2.9, umeme na servisi 0.8, uchakavu 4, riba ya mkopo 1.4, na 0.9 ya mchango wa mashine kwenye kodi ya jengo na mlinzi. Jibu likatoka hasara ya milioni 1 kila mwaka. Mmoja faida asilimia 35 mwingine hasara, na karatasi ni ileile!

Tuna milioni 10 zetu zipo benki kwenye akaunti ya muda maalumu zinapata asilimia 9, nyingine 10 tutakopa kwa asilimia 14 kwa miaka mitatu. Mashine mpya itakaa chumba cha nyuma ambacho kwa sasa tumekipangisha kwa 50,000 kwa mwezi. Mume wangu hataki kuiacha ya zamani kwa sababu mwaka jana tuliifanyia matengenezo ya milioni 3, na kila mwaka inakula kama milioni 1 ya fundi. Kuna mtu anaitaka kwa milioni 2. Halafu kuna mashine nyingine ya mtumba, ukijumlisha kila kitu na kutoa hela ya kuuza ya kwetu inakuja milioni 9, tunaona itadumu miaka 3 na kutuachia kama milioni 4 safi kwa mwaka.

Muuzaji anasema ofa inaisha mwisho wa mwezi. Nisaidie.

Mama Mabango


JIBU

Mama Mabango, salama kabisa, na asante kwa kuandika namba zako zote maana wengi huniuliza "ninunue au nisinunue" bila hata kutaja bei. Kwa kifupi: kwa bei ya milioni 20 mashine mpya hailipi, lakini inakosa kidogo sana, na sababu ya kutolipa siyo ile aliyoisema shemeji. Ya mtumba nitaigusa mbele.

Tuanze na hao wawili wanaokuchanganya. Hapo hakuna mwenye kanuni mbaya, kanuni zao zote zipo vitabuni na ni halali, tatizo ni vitu walivyoviingiza ndani. Ukitaka kujua mashine inalipa au hailipi unajiuliza swali moja tu kwa kila mstari: hii hela itabadilika kwa sababu ya mashine? Kama ingeingia au kutoka hata usiponunua, futa. Na iwe hela kweli, inayoshikika, inayoingia au kutoka kwenye akaunti.

Muuzaji amechukua mauzo akayaita faida. Milioni 9 kila mwaka kwa miaka 5, ukiipima na bei ya 20, ndiyo inatoa hiyo asilimia 35 yake, Excel haidanganyi ila amesahau kwamba wino unanunuliwa. Na ile milioni 1 ya stika umeshtuka vizuri, wale wateja unao tayari, mashine mpya haiwaleti, itoe. Inabaki 8.

Shemeji naye, msalimie, ameandika hesabu ya mapato na matumizi kama ya mwisho wa mwaka, na kwa kazi hiyo yuko sahihi kabisa. Kwa kuamua ununuzi ndiyo haifai. Uchakavu wa milioni 4 siyo hela inayotoka, hela ilishatoka siku ulipolipa milioni 20, ukiitoa tena kidogokidogo kila mwaka umeinunua mashine mara mbili (uchakavu unaingia kwa mlango mmoja tu, kodi ya faida, nitafika huko). Kodi ya jengo na mlinzi mnalipa leo na mtalipa kesho, mashine iwepo isiwepo, hiyo 0.9 futa. Na riba ya 1.4 isikae kwenye mistari kwa sababu riba tutaitumia sisi kupimia thamani ya hela ya miaka ya mbele, ukiitoa huku na kuipimia kule umeitoza mara mbili. Hili kosa la riba ni la kawaida sana, na linaua miradi mizuri mingi tu.

Kuna vitu ambavyo wote wawili hawakuvigusa. Chumba cha nyuma: mpangaji akiondoka unapoteza 600,000 kwa mwaka, hiyo ni gharama ya mashine hata kama hakuna risiti. Na fundi wa mashine ya zamani wa milioni 1 kwa mwaka hutamlipa tena, hiyo ni hela inayookolewa, inaingia upande wa mapato.

Halafu zile milioni 3 za matengenezo ya mwaka jana. Hapa namwomba shemela wangu, mumeo, anisikilize: hizo zimeenda, hazirudi ukinunua na hazirudi usiponunua, kwa hiyo hazina kura kwenye uamuzi huu. Thamani ya ile mashine leo ni ile milioni 2 ambayo kuna mtu yuko tayari kuitoa, basi.

Sasa tuandike upya. Mwanzoni kinatoka: bei 20, kusafirisha na kufunga 1, stoki 1, toa 2 ya kuuza ya zamani, jumla milioni 20. Kila mwaka: mauzo mapya 8, malighafi yake 2.6 (siyo 2.9, kazi zimepungua), umeme na servisi 0.8, chumba 0.6, ongeza 1 ya fundi uliyemwokoa, unabaki na milioni 5 kamili. Mwisho wa mwaka wa 5 unauza mashine 3 na ile stoki ya 1 unaimalizia na kurudisha hela yake, zinaingia 4.

Muda wa kurudisha hela basi ni miaka 4, siyo miwili na kitu. Na hapo bado hatujasema kwamba milioni 5 ya mwaka wa 4 siyo sawa na milioni 5 ya leo.

Hapo ndipo inakuja hii hesabu ya thamani ya sasa, NPV kama wanavyoiita mabenki. Unachukua hela ya kila mwaka unaigawa kwa 1.14 mara moja kwa mwaka wa kwanza, mara mbili kwa wa pili, hivyo hivyo mpaka wa tano. Kwa asilimia 14 milioni 5 zako zinakuwa 4.39, halafu 3.85, 3.37, 2.96, na ya mwisho 2.60. Ziangalie zinavyonyauka, ile ya mwaka wa tano karibu nusu imeliwa. Jumla yake 17.17. Ile 4 ya mwisho inakuwa 2.08. Ukijumlisha unapata 19.24. Umetoa 20 kupata kitu chenye thamani ya leo ya 19.24, umepungukiwa kama 760,000. Ndiyo maana nimesema hailipi kwa bei hiyo, na ndiyo maana nimesema inakosa kidogo.

Ukifanya mwenyewe kwenye Excel kuwa makini na kitu kimoja, fomula yake ya NPV inachukulia namba ya kwanza kama hela ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ile 20 ya leo usiiweke ndani ya mabano, fomula iishike miaka 1 mpaka 5 halafu 20 uitoe nje. Ukiiweka ndani utapata pungufu ya 664,000 badala ya 757,000 na hutajua kwa nini haifanani na ya kwangu.

Najua swali linalokuja, kwa nini 14 wakati nusu ya hela ni yenu na benki inawapa 9 tu? Ukitumia 9 mashine inapendeza, inakuachia ziada ya milioni 2 na zaidi. Ila ile 9 ni ya hela iliyolala salama benki, haijali kama wateja wamekuja au hawajaja. Ukiiingiza kwenye mashine imehamia kwenye biashara ya uchapaji, na biashara ikiyumba benki inalipwa kwanza, nyie mnabaki na kilichobaki. Mwenye kulipwa mwisho anatakiwa adai zaidi ya anayelipwa mwanzo, siyo pungufu. Kwa hiyo hiyo 14 hata nimewaonea huruma. Ile asilimia ambayo ziada inakuwa sifuri (ndiyo IRR aliyokuonyesha muuzaji kama 35) kwa namba zetu ni 12 na nusu hivi. Chini ya riba ya mkopo wenyewe, hapo jibu linajisema.

Sasa kuna upande wa pili na sitaki kuuficha. Nimeacha milioni 5 ikae vilevile miaka yote mitano. Riba ya benki tayari ina mfumuko wa bei ndani yake, kwa hiyo kama bei zenu na gharama zenu zinapanda pamoja kila mwaka siyo haki kupimia hela isiyopanda kwa riba iliyopandishwa. Tuseme ile 5 inapanda asilimia 3 kila mwaka kuanzia wa pili, hesabu inageuka, unapata ziada ya kama 160,000. Ukiweza kupandisha bei, na nasema ukiweza kwa sababu kwenye mabango kuna washindani wanaosubiri tu upandishe.

Kodi ya faida nayo nimeiweka pembeni ili usichoke. Kama mnalipa kwa kiwango cha asilimia 30 kwa mfano, kodi itakaa kwenye 5 ukitoa uchakavu wa 4, yaani kwenye milioni 1, hiyo ni 300,000 kwa mwaka, unabaki na 4.7. Huo ndio mlango wa uchakavu niliosema, wenyewe siyo hela ila unaikinga hela isikatwe. Shemeji atakupangia viwango vyenu halisi, hapo ni eneo lake.

Kitu ambacho ningekitazama kuliko fomula zote ni ile milioni 8 ya mauzo. Nimejaribu kuitikisa: mauzo yakipungua kwa asilimia 10 tu (na malighafi yake ikapungua) hela ya mwaka inashuka mpaka 4.46 na pengo linakuwa milioni 2.6. Yakiongezeka kwa asilimia 10 unapata ziada ya milioni 1.1. Yaani asilimia 10 ya mauzo inabeba karibu milioni 1.85 ya jibu, wakati kubishana riba iwe 13 au 14 inabeba nusu milioni. Na hiyo namba ya mauzo imetoka wapi? Kwa mtu anayeuza mashine.

Wewe una njia ya kuipata bila kumuuliza. Umesema kazi kubwa mnazikataa au mnawapelekea wenzenu. Chukua kitabu cha invoisi mwaka mzima uliopita, andika kila kazi mliyoipeleka nje, ilikuwa ya shilingi ngapi kwa mteja na mwenzenu alichukua ngapi. Zile mlizozikataa pengine hazijaandikwa popote, basi kuanzia kesho weka daftari pale kaunta, kila mteja anayeondoka andika alitaka nini na ukubwa gani. Na kwa miezi mitatu msikatae kazi yoyote, zote pokeeni na mkachapishe kwa wenzenu, faida itakuwa ndogo ila mtakuwa mmeona kwa macho kama milioni 8 zipo au ni za kwenye laptop. Ofa ya mwisho wa mwezi isikutie presha, mashine hazijawahi kuisha duniani.

Ya mtumba: milioni 4 kwa miaka 3 kwa asilimia 14 zina thamani ya leo ya 9.29, unatoa 9, ziada kama 290,000. Kwa hiyo kwenye karatasi ndiyo inashinda, na inahitaji hela pungufu, hata mkopo hamhitaji. Ila jaribu kuweka tatizo moja kubwa mwaka wa tatu, kichwa cha kuchapia kimekufa, milioni 1 imetoka, ziada yote inayeyuka na unaingia kwenye pengo la kama 390,000. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote peleka fundi wako, siyo wa muuzaji, achape bango la rangi moja iliyojaa kutoka mwanzo hadi mwisho aangalie mistari, na asome kaunta ya mashine imechapa kiasi gani maishani. Kama siku moja mashine zote mbili zitaonyesha ziada, usilinganishe jumla na jumla kwa kuwa moja inaishi miaka 3 na nyingine 5, gawa ziada ya mtumba kwa 2.32 na ya mpya kwa 3.43 (hizo ndizo thamani za leo za shilingi moja moja kwa miaka 3 na miaka 5 kwa asilimia 14) ndiyo utajua ipi inakuachia zaidi kwa mwaka.

Na mkopo, hata ungekuta mashine inalipa: milioni 10 kwa asilimia 14 miaka mitatu ni kama 342,000 kila mwezi, milioni 4.1 kwa mwaka. Mashine inaleta 5. Inabaki laki tisa, na mauzo yakishuka asilimia 10 inabaki kama laki tatu na nusu kwa mwaka mzima. Mashine inaweza kulipa kwa miaka 5 na bado ikawakaba koo mwezi wa nne kwa sababu kazi zinaanza polepole wakati benki haianzi polepole. Ongea nao wakupe miaka 4, au miezi ya mwanzo ulipe riba peke yake. Huu ni muda wa hela kutembea, siyo swali la kama mashine inalipa, usivichanganye.

Basi ukirudi kwa muuzaji usiende kubishana asilimia zake. Mwambie kwa milioni 19.2 tunaongea, maana punguzo la 800,000 ndilo linaloziba lile pengo. Kama hataki kushusha bei akupe kusafirisha na kufunga bure, hiyo milioni 1 nayo inaziba pengo lilelile, kwake pengine ni rahisi zaidi kutoa. Halafu mwambie aandike kwenye karatasi bei ya servisi kwa miaka 5, na kwamba ataichukua mashine kwa milioni 3 ikiisha hiyo miaka. Aliisema kwa mdomo, aiandike. Akikataa kuandika iweke sifuri kwenye hesabu yako, pengo litaruka kutoka 760,000 mpaka milioni 2.3, na hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwa mumeo na shemeji.